Akala za Mjomba Wafula

Harufu ya mpira wa gurudumu ukikatwa kwa kisu cha moto bado hunichemsha damu. Mjomba Wafula, kaka yake mama, alikuwa akitengeneza viatu vya akala mlangoni petu Kariobangi, na kila kisigino alikitia mikato miwili ili wateja wajue kazi ni yake. Kisha akavuka mpaka kwenda kupigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi jirani. Hakuna aliyemlazimisha, shangazi zake wa ng'ambo walikuwa wamechomewa nyumba, akajitolea kuwa askari wa miguu. Alitutumia salamu mara moja tu, akitaja kikosi chake. Hakurudi.

Niwaeleze desturi yetu sisi tuliotoka magharibi ya nchi. Mtu akifia mbali na mwili usipatikane, tunazika shina la mgomba badala yake, mama yake apate kupumzika. Lakini wazee hawaruhusu kaburi kuchimbwa mpaka atokee aliyekuwa naye, aseme amekufa. Nyanya alikuwa ameshachagua mgomba, nyuma ya jikoni kwake kijijini.

Kwa hiyo mama alifurahi sana aliposikia, katika miaka ile ya tisini, kwamba aliyekuwa kamanda wa kikosi hicho angezungumza kwenye ukumbi wa kanisa mtaani kwetu. Vita vilikuwa vimekwisha, naye sasa alikuwa mkubwa serikalini kwao. Alisimulia historia ya kikosi vizuri, tukacheka.

"Serikali ilikuwa na buti," alisema, "sisi tulikuwa na magurudumu. Fundi mmoja tu alituvisha sote akala."

Mama akasimama, akavua akala aliyoachiwa na mjomba, akaonyesha ile mikato.

"Afande, fundi huyo ni ndugu yangu. Sidai chochote. Niambie tu kama alikufa, mama yetu azike."

Kamanda aliitazama ile akala. Aliitambua, nilikuwa nimeketi mbele, niliona.

"Mama, kikosi kilikuwa cha wananchi wetu. Wageni hatukuwa nao."

Mtu nyuma yetu akanong'ona, "Keti, dada, unatuaibisha mbele ya mgeni."

Nilipokua nilielewa: angekiri kuwa Wakenya walimpigania, wapinzani wake wangesema ushindi si wake. Kwa hilo tu, nyanya alikufa akimngoja mwanawe.

Juzi nilimsikia redioni, mzee sasa, akirudia kichekesho cha magurudumu. Nikampigia mama simu. Aliuliza kama amemtaja fundi. Nikasema hapana.

"Basi izime redio," akasema.

Mgomba wa nyanya umeshachipua ukawa kichaka kizima nyuma ya jikoni. Hakuna aliyethubutu kukata shina hata moja.