Manowari Iliyosukwa Doornfontein

Tangu alipofika kutoka Bukavu, Marcelline alisuka nywele kando ya barabara pale mtaa wa Yeoville, mteja akiwa juu ya kreti la bia na yeye amesimama. Alichokitaka ni kiti. Mwenye saluni ya jirani alikuwa tayari kumpa kona, ila hapo kila msusi huja na kiti chake, kile kirefu cha kuegemea, na Marcelline hakuwa nacho.

Mwaka 2017 mimi, mteja wake, nikamkutanisha na Bakiri, seremala wa mtaa wa Doornfontein, mtu wa Tanga kama mimi, na kwa maringo hana mpinzani. Mzee mmoja wa Kiitaliano, Renzo, alikuwa amemwagiza mfano wa manowari aliyofanyia kazi babu yake: meli ya mbao ya karne ya kumi na tisa, milingoti mitatu na dohani ya moshi katikati, inayokwenda kwa matanga upepo ukiwepo na kwa mvuke upepo ukigoma. Babu mtu alikuwa akichochea makaa humo. Mbao zilimtii Bakiri, kamba zikamshinda, maana vidole vyake ni kama mihogo. Siku moja akakitazama kichwa changu, akauliza nani kanisuka.

Wakapatana. Marcelline asuke kamba zote za meli, Bakiri amchongee kiti.

Mzee alitaka meli yake Jumapili, siku yake ya kuzaliwa. Jumamosi ndiyo siku ya wateja, basi Marcelline akatubeba sote hadi karakana: mimi Kidawa, Murielle na Jocelyne, vichwa vimesukwa nusu nusu. Akawa anasuka huku na huku. Kamba alizitengeneza kwa rasta, zile nywele za bandia, nyeusi, nyembamba, zikapanda milingotini zikapendeza mno. Bakiri alizunguka meli akitabasamu peke yake.

Sasa, kila msusi humalizia rasta kwa maji ya moto, ncha zisifumuke. Mkono wa Marcelline ukaenda wenyewe. Meli haichovyeki, basi akaimiminia birika zima.

Kamba zilinyooka vizuri. Gundi ya mbao ndiyo iliyolainika. Mlingoti wa nyuma ukalala taratibu, wa kati ukauegemea, na wa mbele nao ukaanza kuinama. Bakiri akakaa chini kwenye vumbi la mbao.

“Dada Marcelline,” alisema, “umenichemshia manowari.”

Marcelline akalitua birika. Kiti chake kilikuwa kinakwenda na maji. “Usikasirike, kaka. Miye niko naitengeneza leo leo.”

Bakiri akatia gundi mpya, lakini jiliwa zake za kubania mbao zingezikata kamba. Ilihitajika mikono ya watu. Kila mmoja wetu akashika mlingoti wake na kusimama wima mpaka gundi ikamate, na Marcelline, kwa kuwa vichwa bado vilikuwa nusu, akaendelea kutusuka. Alisema hajawahi kupata wateja watulivu hivi. Murielle akaanzisha wimbo wa kanisani, Jocelyne akadakia, nami Mwislamu wa Tanga nikaitikia kwa sauti yangu mbovu.

Mzee Renzo hakuweza kuisubiri Jumapili. Alisukuma mlango kwa fimbo yake, akatukuta hivyo. Bakiri akafungua mdomo kujieleza, mzee akamnyamazisha kwa mkono. Akazigusa kamba moja moja.

“Babu yangu hakuruhusiwa kupanda huku juu,” alisema. “Kila siku yeye na makaa tu.”

Akamwomba Jocelyne amwachie mlingoti. Akaushika hadi gundi ilipokauka, akicheka na machozi yakimtoka.

Wiki iliyofuata Bakiri alikuja saluni na kiti kichwani. Wateja walikuwa wanangoja, lakini Marcelline hakumruhusu mtu kukaa. Alikizunguka, akakipapasa. Nikamshika mabega nikamkalisha yeye, nikachukua kitana. Msusi wa watu, nani aliwahi kumsuka yeye? Alilia kwa furaha, huku akinigombeza nisimvute.

Nilimsuka vibaya, sitakudanganya. Alitembea na kichwa kile mwezi mzima, akakataa katakata kukifumua.