Mfuko wa Anti na Ng'ombe wa Mama

Leo mama karibu agombane na dadake kwa sababu ya picha ya mbwa.

Anti amekuja kutoka Amerika, akatuletea hapa Endarasha mfuko wa punje nyeupe. Huko anakoishi wanazimwaga kwa ngazi, barafu inayeyuka, watu hawaanguki. Mfuko uko na mbwa anacheka, na imeandikwa ni salama kwa wanyama na haiharibu mazingira.

Asubuhi viazi vilikuwa vyeupe kwa sakitu, ile barafu ya usiku inayochoma majani. Anti mbio shambani na mfuko, ati anyunyize.

"Ngoja kwanza," mama akasema. "Imetengenezwa na nini?"

Nikasoma nyuma. Ya kwanza kabisa: urea.

Mama akacheka mpaka akashika kiuno. "Wewe umebeba fatalaiza kwa ndege? Niko na gunia nzima kwa stoo!"

Mimi bado nashangaa. Kumbe ile mbolea tunawekea mahindi, wengine wanayeyushia barafu?

Kugeuka, ng'ombe wetu ameshaingiza pua kwa mfuko.

Sijawahi kuona mama akikimbia hivyo. Huku kila mtu anajua: ng'ombe akila urea nyingi, jioni hayuko.

"Lakini imeandikwa ni salama kwa wanyama!" anti akalia.

"Wanyama gani? Hapo wamechora mbwa peke yake."

Ng'ombe yuko sawa, mama alimwahi kabla hajala. Mfuko uko juu ya kabati. Mama amechukua makaa, akachora ng'ombe kando ya mbwa, akamkata na X kubwa.

Sasa niambieni, ni nani aliamua ng'ombe si mnyama?