Vidato Viwili vya Kijivu

Lubna binti Omar, mzaliwa wa Mambrui, alikuwa mtu wa kuhesabu rangi ya kijivu. Ndugu zake walimcheka sana kwa hilo. Wao walidhani kazi ya mpiga eksirei ni kubonyeza kidude na kumwambia mgonjwa asitikisike. Lakini picha ya eksirei ina weusi, weupe, na kijivu katikati, na maradhi karibu yote hukaa humo katikati. Mfupa hutoka mweupe, hewa hutoka nyeusi. Doa la ugonjwa kwenye pafu, likiwa bado changa, ni kijivu kilichoupita kidogo tu weusi wa jirani yake. Asiyeweza kutofautisha viwili hivyo na akauze mbaazi.

Alikuwa na miaka ishirini katika kazi hiyo, kumi na miwili kati yake kwenye zahanati ya Bwana Muzammil mjini Malindi. Mumewe alifariki mapema, mtoto hakujaaliwa, na mtaani alisifika kwa udhia wake: sufuria ikioshwa na mtu mwingine, yeye huiosha tena. Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, aliweka kwenye mashine kipande cha alumini kilichochongwa mfano wa ngazi, vidato kumi na kimoja, kutoka chembamba hadi kinene, akakipiga picha. Kwenye kompyuta vilitakiwa vitokee vidato kumi na kimoja, kila kimoja na kijivu chake. Alivihesabu kwa kidole, kwa sauti, ndipo akafungua mlango. Wenzake walisema ana kichaa kidogo. Mimi nasema laiti angekuwa nacho kikubwa zaidi.

Jumatatu moja ya mwezi wa Mei vikatoka kumi.

Kidato cha pili na cha tatu, upande wa weusi, vilikuwa vimeungana vikawa kitu kimoja. Akafuta bamba la kunasia picha, akarudia mara tatu. Kumi. Na upande ule wa weusi ndiko mapafu yanakosomwa. Akamwendea Muzammil ofisini.

"Bwana Muzammil, mashine yaanza kupofuka. Mapafu siyaamini tena."

"Mifupa yaonekana?"

"Mifupa yaonekana vyema."

"Basi alhamdulillahi. Fundi nitampigia, lakini hawezi kufika kabla ya wiki mbili. Wagonjwa tuwafukuze waende wapi, Bi Lubna? Na kompyuta si yaing'arisha picha yenyewe?"

Kompyuta iliing'arisha kweli, na hapo ndipo palipokuwa na balaa. Ilitoa picha za kupendeza, ila kile ambacho bamba halikukinasa haikuweza kukirudisha. Lubna alilijua hilo kama ajuavyo jina lake. Angeweza kusema kwamba vifua hapigi, na Muzammil, ambaye ni mwoga kuliko anavyojionyesha, angekubali kwa manung'uniko. Alisema, "Haya," akarudi chumbani kwake.

Siku ya nne akaingia Thoya, mkulima wa Jilore, mtu wa miaka hamsini na kitu, shati linamning'inia mabegani. Alikuwa amekohoa miezi miwili. Alikuja na mkewe, Sidi, na walikuwa wametoka kwao alfajiri. Lubna akamsimamisha kifua kikigusa bamba, akaenda nyuma ya kioo.

"Vuta pumzi, mzee. Ishike."

Thoya akaishika. Kwa muda wote ule alioishika, Lubna angeweza kumwambia aiachie, avae shati lake, aende hospitali kubwa akapigwe huko. Alibonyeza.

Picha ikatoka safi. Daktari aliyekuwa akizisoma kwa simu kutoka Mombasa akaandika kwamba mapafu hayana kasoro. Lubna alipomwambia, Thoya akacheka, akamshika mkewe bega. "Hata kifua chenyewe nasikia kimepungua, daktari." Wako wengi huko waaminio kuwa kupigwa picha ni dawa, na siku zote Lubna huwatania. Siku hiyo alikosa utani. Alimpa bahasha yenye picha yake na kumwita mgonjwa mwingine.

Fundi alikuja, akabadilisha bamba, na vidato vikarudi kumi na kimoja. Lubna akafungua daftari lake akakuta amepiga vifua kumi na vinne katika siku zile. Muzammil alimkataza asiwaite watu hao. "Utatuvunjia jina," alisema. Hapa, kwa haki yake, Lubna hakumsikiliza. Aliwapigia simu mmoja mmoja, kwa simu yake, akawaambia wakapigwe upya. Kumi na watatu aliwapata. Simu ya Thoya haikupatikana. Kesho yake haikupatikana, na wiki nzima haikupatikana, na baada ya wiki hiyo akaacha kujaribu.

Alijiambia Jilore ni mbali, na Jilore si mbali. Alijiambia mtu akizidiwa hurudi mwenyewe. Ukweli ni kwamba alikuwa na haya, na haya ilimkalisha kitako miezi mitatu. Mwezi wa Septemba, aliposhindwa hata kula, akapanda gari akaenda.

Alimkuta Thoya kwenye kitanda cha kamba nje ya nyumba, amebaki mifupa. Alimwamkia shikamoo, akaletewa kiti na Sidi, na kabla hajakaa akaanza kueleza: mashine, vidato viwili vilivyoungana, na jinsi alivyojua tangu mwanzo akanyamaza. Hakujipunguzia.

Thoya alikohoa kwenye kitambaa, kisha akauliza polepole, "Yaani ile picha haikuniona?"

"Haikukuona, mzee. Twende hospitali leo, wakupime makohozi. Nachelea ni kifua kikuu. Chatibika, hata sasa."

"Na Janet je?" akauliza Sidi. Alikuwa bado amesimama.

Lubna hakujua Janet ni nani. Sidi akamwambia. Alikuwa mjukuu wao, mtoto wa binti yao Pola, mwenye miaka mitatu, aliyezoea kulala kifuani kwa babu yake. Mwezi wa Julai alishikwa na homa na kutapika, kisha shingo ikakakamaa. Pale kwenye zahanati ya kijijini muuguzi aliuliza kama nyumbani kuna mtu anayekohoa, maana kifua kikuu kikimwingia mtoto mdogo huweza kupanda hadi ubongoni. Walijibu kwamba yuko babu, lakini babu ameshapigwa picha Malindi na mapafu yake ni mazima. Sidi alikuwa ameibeba bahasha. Muuguzi aliiinua picha dirishani, akaitazama, akaridhika, akaandika dawa za malaria. Siku ya tisa walimzika.

"Mbona hukuja mwezi wa sita?" Sidi akauliza.

Lubna alilia, na akajichukia kwa kulia mbele ya wenye msiba. Thoya alikuwa ameugeuzia uso ukuta. Alikuwa akikigusa kifua chake kwa vidole, pale mtoto alipokuwa akilaza kichwa.

"Mamake yuko shambani," Sidi akasema. "Yeye ajua ni homa tu iliyomchukua mwanawe. Utamwambia wewe. Mimi siwezi, maana ile bahasha niliibeba mimi."

Wakapita katikati ya mahindi makavu, Sidi mbele, Lubna nyuma na buibui lake likikwama kwenye mabua. Pola alikuwa akivunja mahindi na kuyatupa kwenye kapu. Alipomwona mamake na mwanamke mgeni wa mjini, akafuta mikono kwenye leso na kuja kuwalaki.

"Karibu, dada," alisema, akanyoosha mkono. "Umekuja kutupa pole?"

Lubna hakuupokea mkono ule. Alimweleza kwanza, yote, na alipomaliza mkono ulikuwa umeshashuka.