Kura ya Pasipoti

Sisi Watanzania wa Guangzhou tunapiga kura kwa kuinua pasipoti. Zamani tuliinua mikono, ikawa kila aliyefuata pilau naye anachagua viongozi. Tangu hapo mkono mtupu hauhesabiwi.

Jumapili ile tulisukuma pembeni meza za mgahawa mmoja wa mtaa wa Dengfeng, tukajadili jambo moja tu: tumkataze tajiri kushika pasipoti ya mfanyakazi wake, au tumwache? Shoga yangu, mwanamke wa Tanga anayefunga mizigo kwenye jengo la maduka la Tianxiu, yake ilikuwa kwa tajiri wake tangu alipofika. Mama yake alikuwa mgonjwa, na kila akiomba ruhusa ya kwenda kumwona huambiwa asubiri msimu upite. Msimu gani huo usiopita? Hata sokoni hakuthubutu kwenda, askari wasije wakamdai pasipoti.

Mfanyabiashara mmoja wa Unguja alisimama akasema huo ni utumwa. Mkutano ukachafuka. Kwetu pwani neno hilo halitajwi ovyo. Mle ndani walikuwamo ambao babu zao waliuza na ambao babu zao waliuzwa, na tunajuana. Wengine wakataka aombe radhi, wengine wakampigia makofi. Tajiri wa shoga yangu, ambaye watu wake humwita laoban, yaani bosi kwa Kichina, naye alikuwamo, wala hakupandisha sauti. Alisema pasipoti kwake ni amana, tiketi kalipa yeye, na anayeona anateswa ajitokeze. Shoga yangu akainamisha kichwa. Nilitamani nimfinye.

Ikafika kura. Kambi zilikaribiana, na tajiri alizihitaji kura za watu wake. Alifungua mkoba akawagawia pasipoti zao, akiwakumbusha wapinge. Shoga yangu alipokea yake, akalipangusa jalada kwa kiganja. Walipoitwa wanaopinga, wenzake wote waliinua, yeye hakuinua. Walipoitwa wanaokubali, hakuinua pia. Tukashindwa kwa kura moja.

Tajiri akapita akizikusanya. Alipomfikia, akanyoosha mkono.

"Lete, dada."

Aliitia kifuani, ndani ya baibui. "Amana hurudi kwa mwenyewe, laoban," alisema. "Hii imeshafika."

Tajiri aligeuka kutafuta wa kumsaidia. Wale wale waliompa ushindi wakawa wanatazama sahani zao. Shoga yangu akatoka, hana begi wala nguo ya kubadilisha.

Nilimkuta kwenye ngazi za metro, nikiwa bado na hasira zangu. Nikamuuliza kwa nini alituangusha.

"Ningeiinua juu angeipokonya," alisema. "Nilikuwa nimeishika kwa mikono yote miwili."