Kofi la Nahodha Chumo Kando ya Bwawa

Mwanangu, tangu tumzike Nahodha Chumo wiki jana, usingizi umenikimbia. Nakumbuka tu asubuhi ile aliyonizaba kofi mbele ya akina mama. Hebu keti nikusimulie, maana damu yako inachemka kama yangu ya wakati huo.

Chumo alikuwa jirani yetu hapa Mogogosiek. Sisi watu wa majani chai tunajua maji ya mvua tu, lakini yeye alishuka Mombasa akiwa kijana, akajifunza kupiga mbizi hadi ndani ya meli zilizozama. Alikuwa wa kwanza kutoka kwetu. Baadaye akanunua boti Kisumu, akawa nahodha wa kukodiwa na watalii. Akija likizo tulimtania kwamba ananuka samaki.

Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Lori la majani chai lilikuwa limeteleza likatumbukia bwawani, na dereva alikuwa Kipkemoi, kaka yangu. Tulipofika tulikuta mafuta yakielea juu ya maji. Sote tulijua ameshakufa. Mama alikaa kwenye matope bila kulia, na hilo lilinitisha kuliko kitu chochote.

Nilikuwa nimetoka jandoni mwaka huohuo. Kwetu aliyetahiriwa haonyeshi woga, wala hasimami ukingoni huku ndugu yake yuko majini. Nikavua shati. Kuogelea, mwanangu, sikujua hata kidogo! Wazee walinitazama wakanyamaza. Ndipo Chumo akapenya kwenye umati, akanizaba kofi nikaanguka.

Watu walipigwa na butwaa. Kijana aliyetoka jandoni hapigwi kofi hata na babake. Kofi ni la watoto. Mimi mwenyewe nilishtuka hadi nikasahau kuinuka.

"Huyo ni ndugu yangu!" nikapiga kelele.

"Najua ni ndugu yako. Ameshaenda. Sasa na wewe ukifia huko, mama yako atabaki na nani?"

Mzee mmoja akamkemea. "Chumo, umeharibu. Huyu ni mwanaume, si mtoto."

"Basi wacha anikasirikie akiwa hai, mzee."

Akatuma gari Kisumu likalete mtungi wake wa hewa. Ulipofika alasiri, alijifunga kamba kiunoni, wanaume wakaishika, akazama. Alikawia mno. Alipoibuka, mguu wake ulikuwa umechanika, damu inatiririka. Kumbe chini kulikuwa na ua wa zamani wa seng'enge, uliofunikwa na maji bwawa lilipojengwa, na lori lilikuwa limenasa humo.

"Hata mimi niliye na kisu, seng'enge imenishika," akasema akihema. "Bila kamba nisingetoka."

Niliyatazama yale maji, yametulia tu, nikaona mahali ambapo ningekuwa. Yeye akarudi tena chini, akamtoa Kipkemoi.

Jioni nilimfuata, bado nina hasira, nikamuuliza kwa nini aliniaibisha. Akaniambia kwamba Mombasa rafiki yake aliwahi kujitosa bila kamba, akatoe maiti ndani ya meli.

"Mimi ndiye nilikuwa naendesha boti. Niliona anakosea, nikaogopa kumwaibisha mbele ya watu. Nikanyamaza. Hakurudi."

Mtu mzima yule alilia mbele yangu. Sijawahi kumwona mwanaume wa kwetu akilia hivyo, na hadi leo nikikumbuka nashtuka.

Basi, mwanangu, nakuomba hivi. Ukimwona mwenzako anakimbilia kifo, mzuie, hata kama atakuchukia, hata kama wazee wote wamenyamaza. Na ukizuiwa wewe, kasirika utakavyo, lakini rudi nyuma. Ile aibu yangu watu waliicheka msimu mmoja wakaisahau. Mama aliishi miaka mingi baadaye, na mimi ndiye niliyemlisha uji alipozeeka.

Mungu akulinde barabarani na majini. Akupe maisha marefu, akupe na watoto. Na siku ikifika, akujalie wewe umzike mama yako, asikuzike yeye.