Mashine Niliyoiita Msengenyaji

Nyinyi vijana, chekeni mkitaka, lakini someni. Mjukuu wangu Habiba hutunza kompyuta za visima vya maji, na ile kuu iko sebuleni kwetu.

"Hii kazi yake nini?" nilimuuliza.

"Akko," akajibu, maana ndivyo tuitavyo bibi kwetu, "zile za Garbatulla na Korbesa zikifanya lolote, zinaiambia hii. Inaandika yote."

Kumbe ni kusengenya, tena ndani ya nyumba inayoswali! Alipotoka nikaichomoa.

Halafu mtu akazima pampu ya Korbesa. Mbuzi wakafa kwa kiu, na hakukuwa na rekodi ya kumtaja. Mkubwa wa Habiba akaja kumfukuza kazi.

"Wallahi sikuigusa!" Habiba akalia.

Mkubwa akainua waya wa ile mashine. Ulikuwa umefungwa kwa fundo langu la kufungia ndama. Nyumba nzima ikanigeukia.

Nikawaamuru, "Asinitetee mtu hapa."