Siku Kompyuta ya Kanisa Iliponiozesha Nyanya Yangu

Hii hadithi mimi sipendi kuisimulia, na mke wangu Wangari akianza kuwapa wageni huwa natoka nje kuangalia ng'ombe hata kama walishakamuliwa zamani, lakini leo mmenibana, basi wacha niseme mwenyewe: niliwahi kutangazwa kanisani, mbele ya wakwe, kwamba mimi ni bwana ya nyanya yangu, na aliyenitangaza hivyo si adui, ni kompyuta niliyoipanga kwa mikono yangu na akili zangu timamu.

Ilikuwa ile miaka ya tisini, wakati kompyuta ilifunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya mzee. Kanisa letu huko upande wa Giakanja lilikuwa na moja kuukuu yenye majina ya washirika wote, wazima na waliolala, nani alibatizwa, nani alioa nani, na kwa sababu nilikuwa nimefanya kozi ya kompyuta Nyeri mjini, mimi ndiye nilikuwa fundi wake. Tukapata mashine mpya, mchungaji akaniambia, "Nderitu, hamisha watu wote waingie hapa, na matangazo ya Jumapili utoe kwa hii." Jumapili yenyewe (hapo ndipo moyo wangu ulikuwa) tangazo la ndoa yangu na Wangari lilikuwa lisomwe mara ya kwanza, na babake alikuwa anatoka Nanyuki kuja kulisikia kwa masikio yake. Huyo mzee alikuwa hajanimeza vizuri. Kila tukionana alikuwa ananiuliza hiyo kubonyeza-bonyeza ni kazi gani, na Wangari alikuwa ameshanionya: "Baba akipata sababu hata kidogo, hii harusi amevunja."

Jumamosi mchana ukungu ulishuka kutoka mlimani ukafunika madirisha yote ya ofisi, hata ungedhani dunia imebaki mimi na mashine mbili. Nikaunganisha waya. Ile mpya ikasema haioni ile kuukuu. Nikazima, nikawasha, nikapuliza waya, nikasema neno ambalo halisemwi ofisi ya kanisa, nikaomba msamaha, kumbe ni waya nilikuwa nimechomeka tundu si lake! Ziliposhikana, majina yakaanza kupanda kwa skrini polepole, jina baada ya jina, na mimi nikaegemea kiti nikaanza kumwona Wangari ndani ya ule ukungu akija na gauni nyeupe, haharakishi, ananicheka.

Halafu majina yakakwama. Kila mshirika alikuwa na namba yake ya kumtofautisha na mwingine, na hizo namba zilikataa katakata kuingia kwa mashine mpya. Mtu mwenye akili angetafuta ni kwa nini. Mimi nilitaka kurudi kwa ndoto yangu, basi nikaamua programu itambue mtu kwa jina lake lote, la ubatizo, lake mwenyewe na la babake, maana nani atafanana na mwenzake mpaka hapo? Mashine ikauliza, jina hili liko tayari, niunganishe? Nikabonyeza ndiyo. Ikauliza tena, ndiyo. Mwishowe ikauliza kama iunganishe yote yanayofanana bila kunisumbua, nikaona ina adabu sana, nikaikubalia, nikarudi kwa Wangari wangu.

Naona mmeanza kucheka, maana nyinyi ni watu wa huku. Babu yangu alikuwa Johana Nderitu wa Gichuki. Mtoto wake wa kwanza akamwita Gichuki, jina la babake, kama desturi inavyotaka. Huyo Gichuki ndiye aliyenizaa, na mimi nikiwa kifungua mimba nikapewa la babu, Johana Nderitu wa Gichuki, bila kupunguza kitu. Cucu, yaani nyanya yangu, mjane wa huyo babu, hajawahi kuniita kitu kingine ila "bwana yangu", na bado sikukumbuka. Mapenzi ni ugonjwa, wacha tu.

Asubuhi nikatoa karatasi kwa printa nikampa mchungaji bila kuisoma. Jua lilikuwa linaingia kanisani taratibu, kwaya imemaliza, nikasikia sauti yake kama inatoka mbali: "Ndoa kati ya Johana Nderitu wa Gichuki, mume wa Wambui, marehemu..." Akapunguza mwendo, lakini mdomo ulishatangulia. "...na Wangari."

Baba Wangari akasimama.

"Mchungaji, huyo Wambui ni nani?"

Na kutoka benchi ya mbele Cucu, ambaye hajawahi kuacha swali bila jibu, akasimama pia. "Ni mimi."

Wueh! Kanisa lilipasuka. Watu walishikilia mbavu, mzee mmoja wa kanisa akatoka nje kabisa.

"Mzee, ni programu tu," nikasema, "niliunganisha..."

"Uliunganisha nini?"

"Watu."

"Na mtu hajui kwa mashine yake kama ako hai ama amekufa," akasema Baba Wangari, "ndiye nimpe msichana yangu?" Akachukua kofia yake akatoka. Mchungaji akasema tangazo hilo halihesabiki, litasomwa upya. Wangari alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika, na mimi nikaona nimemkosa hivyo, kwa kidole kimoja.

Cucu ndiye alimfuata mzee huko nje, akamshika mkono. "Kijana alikosa kwa sababu ya haraka ya msichana yako," akamwambia. "Yule mwingine wa hiyo jina alinioa na haraka hiyo hiyo, na mpaka tulimzika hakuwahi kuniacha."

Mzee akavaa kofia yake. "Nitarudi Jumapili ijayo. Akikosea tena, nyinyi bakini na yeye."

Nilitembea na Cucu mpaka nyumbani, ukungu unaanza tena kushuka kwa mashamba ya chai, nikamwomba msamaha kwa kufanya kanisa zima limcheke.

"Iliposomwa jina ya babu yako pamoja na yangu," akasema, "niligeuka nikaangalia mlango."

Jumatatu nilianza kutenganisha watu mmoja mmoja, na nimeapa mashine haitaniuliza tena swali nikajibu kabla ya kulisoma lote. Johana wawili, mimi na babu, niliwaacha wa mwisho kabisa, na hata hapo nilikaa sana na kidole juu ya kitufe.